Shati la Panas

Mkono wa chuma uliibana soksi kambani, ukatetemeka, ukaiachia. Beseni lilikuwa bado limejaa.

"Zote zinatazama upande mmoja," alilalamika Panas. "Hizo ni nguo au gwaride?"

"Nenda kaanike wewe, mzee," alijibu Odarka, macho kwenye skrini, vidole kwenye rimoti.

Walikuwa wamekaa ndani ya ghala la viazi chini ya ardhi, mbali na mstari wa mbele. Roboti lao lilikuwa peke yake handakini, ukingoni mwa shamba la alizeti. Lilipiga risasi, likawasha jiko, likaanika nguo, ili adui aamini kuna kikosi kizima. Akigundua hakuna mtu, atavuka. Na nyuma ya handaki hilo ndipo kijijini kwa mama yake Odarka, aliyekataa katakata kuwaacha bata bukini wake.

Ng'ambo ya shamba alikuwako adui waliyembatiza Babu Kikohozi. Kila moshi wa jiko lake ulipopanda alikohoa, kisha akawatukana kwa kipaza sauti.

"Kifua kile kinataka asali," Panas alizoea kusema.

Upepo ukavuma. Kitu cheupe kikachomoka kambani, kikapotelea kwenye ukungu, upande wa adui.

"Mzee! Lile si shati lako lililotariziwa?"

"Leo si ndiyo sikukuu ya mashati yaliyotariziwa, binti? Nchi nzima imevaa. Handaki lisilo na hata moja lingetiliwa shaka."

"Na wakilinusa? Sabuni tupu, hakuna jasho! Hata mtoto atajua halina mwenyewe."

Panas alikuna kichwa. "Mke wangu alilitarizi majira yote ya baridi. Ataniua kabla ya adui."

Odarka aliliteremsha roboti shambani kulifuata, polepole, kati ya mashina makavu ya mwaka jana. Kikohozi kikasikika. Kikasikika karibu zaidi.

"Ukungu unatoweka," Panas alinong'ona, kana kwamba angesikika huko. "Rudi, binti. Shati basi. Na hizo nguo za kwenye beseni tutamalizia kesho."

"Bado kidogo, mzee."

Kamera ikachungulia ndani ya handaki la adui. Babu Kikohozi alikuwa kipaza sauti kilichofungwa kwenye mti. Kando ya jiko, roboti jingine la chuma lililikung'uta shati la Panas, likalinyoosha kola, likalianika.