Pango la Zimwi

Tangu kiharusi kimpinde Masudi uso, wanawe wawili hawakukanyaga tena chumbani kwake. Wiki ya tatu mkewe, Mwanakheri, akabuni mchezo.

"Mle chumbani ni pango," aliwaambia, huku akimvika Shamte sufuria kichwani na kumshikisha mwiko uwe upanga. Bishara, mdogo wake, alipewa kikombe cha maji na kijiko. "Ndani amelala zimwi. Mkimnywesha vijiko vitatu bila kukimbia, nchi hii ni yenu."

Wakanyata. Mama yao alifuata nyuma akivumisha upepo kwa mdomo. Kijiko cha kwanza kilimwagika shingoni. Cha pili Masudi alikimeza, na Bishara akacheka. Baada ya cha tatu, mkono wake mdogo ulikuwa juu ya lile shavu lililolegea, ukilifuta maji. Mwanakheri aligeukia ukutani ili wasimwone akilia kwa furaha.

"Tumemshinda!" Shamte alipaza sauti, akapanda kitandani na mwiko wake. "Mama, sasa tunamuua, siyo? Zimwi huuawa mwishoni."

Kweli, kila hadithi aliyowasimulia iliishia hivyo.

"Hapana, mwanangu. Huyu..."

Mguno mzito ukamkatiza. Masudi, ambaye tangu augue hakuwahi kusogeza kichwa, alikuwa anakigeuza kidogo kidogo, mpaka shingo ikakaa wazi chini ya mwiko. Jicho lake zima halikumtazama mtoto. Lilimtazama mkewe.