Mafuta ya Taa

Ng'ombe pekee wa Nyamizi alidondoka asubuhi, akafa hapo hapo, damu nyeusi ikimtoka puani. Hata hajapoa, majirani hao, na visu na mabeseni.

"Shemeji, sogea basi tuchune," akasema Maganga, mdogo wa marehemu mumewe.

"Hiki kimeta. Nimeshampigia bwana mifugo, anakuja kumchoma."

"Kimeta! Baba zetu wamekula wa hivi hivi mpaka wakazeeka."

"Na kaka yako alikula. Alizeeka?"

Nyamizi akaingia ndani, akatoka na dumu la mafuta ya taa, akammwagia ng'ombe wake kuanzia pembe mpaka mkia.

Maganga akageuza beseni lake, akalikalia. Wakabaki wote wanaangalia barabara.