Tezi Mbele

Siwema alisukuma tena mkono wa gia. Injini ikalia ka-ka-ka, gia ya mbele ikaruka, na boti ikabaki palepale ziwani.

"Ingia, kizee wewe!"

Akafungua kifuniko, akaibana fimbo ya gia kwa koleo na kuisukuma mwenyewe. Ikaruka tena. Meno yalikuwa yamelika.

Miguuni pake mumewe, Ndaro, aliyeumwa na nyoka, alikuwa akihema kwa shida. "Jaribu ya nyuma," akanong'ona.

Ya nyuma iliingia.

"Tufike tezi mbele, Baba Tunu? Watasema nimeleta maiti."

Mjini kwao, boti iliyobeba maiti tu ndiyo iliyotanguliza tezi, sehemu yake ya nyuma, kuingia gatini.

"Sijafa bado. Twende."

Akaenda kinyumenyume, maji yakiruka ndani. Walipokaribia, wanaume gatini walivua kofia. Mwanamke mmoja akaangua kilio. Hakuna aliyekimbilia machela.

"Yu hai! Mwiteni daktari!"

Mngurumo wa injini ukaimeza sauti yake.

Siwema akaudaka mkono wa Ndaro, akauinua juu wauone, akaupunga. Ulikuwa mzito. Akazidi kuupunga.