Mshindi Lazima Awepo

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2014 ndiyo siku mambo ya Verl Haskett yalipoharibika, na yaliharibikia bombani, katikati ya hifadhi ya jangwa, bomba lenyewe limetiwa kufuli.

Maji yao ya kunywa yalikwisha kumiminwa yote kwenye rejeta ya gari, iliyokuwa ikifoka mvuke kama birika. Verl hakujali. Mbele kuna bomba, alimwambia mkewe, tumelilipia kodi maisha yetu yote. Kumbe wakubwa wamelifunga na kubandika kibao: hakuna maji hadi itakapotangazwa.

"Nilikwambia tujaze madumu, wewe mbishi," Nadine alisema. Akaegemea ukuta wa choo, pale Verl alipomkalisha kivulini, akavuta kofia yake ya majani hadi usoni.

Tangu hapo hakumsemesha tena.

Verl aliliponda lile kufuli kwa jiwe mpaka kiganja kikatoka damu. Aliwatukana wakubwa kwa zamu: wa hifadhi, wa mgodi uliomla mapafu kisha ukamfukuza, wa benki waliomtoa nyumbani kwake na masufuria yangali jikoni. Gari lilipopoa akambeba Nadine akamkalisha kitini, kama alivyozoea kumbeba tangu magoti yake yagome. Akashika usukani. Angeweza kurudi walikotoka. Akashika njia ya Las Vegas, kwa sababu ya droo ya bahati nasibu.

Jioni hiyo kasino moja ilikuwa inatoa zawadi ya nyumba ya magurudumu, kitanda, jiko na choo humohumo. Wao walikuwa wakilala ndani ya gari tangu majira ya baridi. Jina lililoingia kwenye pipa la droo ni la Nadine, maana ndiye mwenye kadi ya kasino, ndiye aliyezilisha pesa zile mashine za kamari miaka yote. Na kanuni ilikuwa moja tu: likisomwa jina, mwenyewe awepo ukumbini na afike jukwaani kabla muziki haujakwisha. Asipokuwepo, linavutwa lingine.

Kwenye kituo cha mafuta alinunua barafu, akamzungushia Nadine shingoni. Chupa ya maji akamwekea mapajani. Hakuigusa.

"Basi, mama, nimekosa," Verl alimwambia.

Walipofika, akamvisha miwani ya jua na kumpaka rangi ya mdomo, kwa sababu Nadine hakuwahi kuingia kasino midomo mitupu. Rangi ikapanda kidogo shavuni. Akaifuta kwa kidole gumba, akamsukuma ndani kwenye kiti chake cha magurudumu.

Ukumbini kulikuwa na baridi ya kukunja vidole. Mwanamke mnene mwenye glasi mkononi aliwasogezea nafasi.

"Mwenzio mbona kimya hivyo?"

"Hajanisemesha tangu hifadhini."

"Umemfanya nini?"

"Waulize waliofunga bomba."

Yule mwanamke alicheka hadi kinywaji kikamwagika. "Wanaume bwana. Hata ndoa ikiwashinda, mwenye makosa serikali." Akamwinamia Nadine. "Usimsamehe upesi, dada. Mwache ateseke."

"Ndivyo atakavyofanya," Verl alisema.

Pipa likazungushwa. Meneja wa kasino, suti ya buluu na meno meupe, alizamisha mkono, akavua karatasi, akasoma: Nadine Haskett.

Muziki ukaanza. Verl alisukuma kiti kwa pupa, akawakanyaga watu miguu, akasikia wakipiga makofi na mwingine akisema vikongwe ndio wenye bahati siku hizi. Walifika jukwaani wimbo ungali katikati. Meneja akainama na kipaza sauti.

"Haya, mama, tuambie unajisikiaje."

Meneja akatabasamu tena, akamshika Nadine mkono aupungie umati. Mkono haukukunjuka. Akamvua miwani taratibu, akaziba kipaza sauti kwa kiganja.

"Mzee," alinong'ona, "huyu ameshafariki."

"Tangu asubuhi, palepale bombani," Verl alisema. "Na muziki wenu bado unapiga. Kanuni mmeandika wenyewe, mshindi awepo. Kwani hayupo?"