Laleni Chini

Valvu ya mtungi wa klorini ilipopasuka katika kiwanda cha kusafisha maji, msimamizi, Bwana Kihwele, alipiga kelele, "Laleni chini!" Alidhani gesi ni kama moshi.

Tunu, fundi wa pampu, alijua klorini ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. "Msilale!" akawaambia wenzake. "Pandeni ngazi!"

Wanne walimfuata hadi juu ya tangi. Mzee Nyange, aliyemtii Kihwele kwa miaka ishirini, alilala kifudifudi. Kihwele mwenyewe alikuwa ameshatoka nje.

Upepo ulipoifagia gesi, walimbeba mzee mpaka penye hewa safi, wakamvua shati, na Tunu akaanza kummiminia maji machoni.

"Usiyafikiche, baba. Pumua polepole."

Mzee alikohoa mpaka akatema povu. Gari la wagonjwa lilikuwa bado halijafika, lakini Kihwele alifika, karatasi na kalamu mkononi.

"Tunu, weka sahihi hapa kwamba wote mlipewa mafunzo. Wakaguzi wako njiani."

"Mafunzo gani, bosi? Mimi nilijisomea maandishi ya mtungini."

"Weka tu. Na tuandike kwamba mzee hakusikia maagizo."

"Aliyasikia," Tunu alisema, bila kuacha kumimina maji. "Ndiyo maana yuko hivi."

Kihwele aliendelea kumnyooshea kalamu. Mzee Nyange, macho yamevimba hayafumbuki, akaigeukia sauti ya bosi wake, akainua mkono uliolowa na kuanza kuipapasa kalamu hewani.