Timu ya Nane

Ligi yao ilikuwa ya kubuni, ya daftari tu: timu nane za mpira wa kikapu, na dadu ndiyo iliyofunga vikapu. Kila mwaka kabla ya msimu kuanza, Amuge na mumewe walizipanga kwa ubora, kila mtu kivyake, kisha wakabadilishana karatasi.

Mwaka huu Amuge alipewa ya mumewe wodini, mume akiwa kitandani. Akaisoma mara mbili. Bumala, Sio Port, Adungosi... Zilikuwa saba.

"Umesahau Malaba. Timu yako."

"Sijasahau. Msimu huu haitacheza."

Mumewe akanyoosha mkono wenye plasta ya dripu. "Lete yako, mama watoto."

Katika karatasi ya Amuge, Malaba ilishika mkia, kama kila mwaka, kumchokoza tu.

"Nimeiacha nyumbani," akasema, karatasi ikilowa jasho kiganjani mwake.