Beseni la Maji ya Buluu

Siwema alirudi kutoka sokoni na samaki wawili wa rangi ya dhahabu, wakielea ndani ya mfuko wa plastiki. Mumewe, Mbwana, ambaye maradhi yalikuwa yamemlaza kitandani, ndiye aliyewaomba, maana kwenye tangi la kioo mbele yake alikuwa amebaki samaki mmoja tu. Lakini wageni hao walikuwa na madoa meupe mapezini. Siwema akawatia kwenye beseni uani, akadondosha dawa, maji yakageuka buluu.

"Watie humu niwaone," Mbwana alisema.

"Wanaumwa, mume wangu. Watamwambukiza huyu. Ngoja wapone, hata mwezi haufiki."

"Daktari amekwambia ninao huo mwezi?"

Siwema alitoka kwenda uani, akalibeba beseni kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kigoda kando ya kitanda. Dawa ilikuwa imeyakoza maji hata samaki hawakuonekana. Mbwana akatumbukiza mkono, akatulia.

"Mmoja amenigusa," alinong'ona baadaye.

Siwema akainama kutazama. Hakuona kitu ila vidole vya mumewe, vilivyokonda, vikizidi kuingia rangi.